Kabla hujanirushia hiyo video

Mjomba wangu alifiwa na mkewe mwaka jana, wiki mbili kabla ya Ramadhani. Anaishi kijijini upande wa Mipingo, mkoani Lindi, na simu yake ya kupangusa alinunuliwa na wanawe walioko Dar es Salaam ili wawe wanaonana sura. Nilipokwenda kwenye arobaini alinikabidhi ile simu kabla hatujamaliza kusabahiana. "Mjomba, hebu nipunguzie mzigo humu," akaniambia.

Humo mlikuwa na video mia na ushee. Mawaidha ya masheikh, mahubiri ya wachungaji (aliyetuma hakujali kwamba mzee ni Mwislamu), watoto wachanga wanaocheka, vichekesho, na kijana mmoja mwenye suti ya buluu anayepaza sauti jukwaani kwamba huzuni ni uamuzi wako mwenyewe. Mjomba alikuwa amefungua tatu tu. Ya nne ilikata bando katikati, naye hakuona sababu ya kununua jingine. Nikaanza kufuta moja moja huku nikicheka kimoyomoyo ujinga wa watu, mpaka nikakuta nne kati ya hizo ni zangu. Ile ya suti ya buluu niliirusha mimi.

Tangu siku hiyo najiuliza: tunapompelekea mtu kitabu, filamu au video ya kumtia moyo, tunafanya nini hasa? Huku kwetu kusini kazi hiyo inafanywa na kila mtu, kila asubuhi, na wengi wetu tunaifanya vibaya.

Tuwatenge kwanza akina mama wa maua. Kila mwenye mama, shangazi au mamkubwa kwenye WhatsApp anajua: alfajiri linaingia waridi jekundu linalometameta, na dua au zaburi juu yake. Hayo msiyaguse. Ni hodi, ni "umeamkaje mwanangu" iliyovaa nguo ya sikukuu. Hakuna anayekutaka ulichambue lile waridi. Jibu "amina" uendelee na kazi zako. Shida inaanza pale salamu inapojifanya dawa, mtu anapokurushia mahubiri ya dakika arobaini na chini yake ameandika: "Sikiliza hii mpaka mwisho, itakusaidia." Ukimuuliza yeye imemsaidia wapi, anakwambia bado hajapata nafasi ya kuifungua.

Wenye WhatsApp walikwishaona tabia hii, ingawa wao walikuwa wakihangaika na uvumi. Januari 2019 waliweka kikomo duniani kote cha kurusha ujumbe kwa watu au magrupu matano kwa mara moja, na Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe uliokwisha kuzunguka sana ukaruhusiwa kwenda sehemu moja tu kwa kila mkupuo. Ukiona mishale miwili midogo juu ya ujumbe, ujue umepita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia. Mimi sasa nimeifanya mishale hiyo kipimo changu. Kitu chenye mishale miwili hakikuchaguliwa kwa ajili yangu, kimenipitia tu kama basi linalopita kituoni bila kusimama.

Halafu kuna gharama, jambo ambalo watumaji wa mjini hawalifikirii. Kurusha hakukugharimu kitu cha maana. Anayelipa ni anayepokea. Dakika kumi za video ya kawaida zinakula makumi ya MB, na kwa mzee ambaye mtandao wake unashika chini ya mwembe mmoja tu, hizo dakika kumi ni safari, ni kusimama juani, ni hela ya vocha ambayo ingenunua sukari. Umempelekea faraja na bili yake humo humo.

Mei 2024 tulipewa jaribio ambalo hatukuliomba. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kiliingia pwani, mvua ikakata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, mabasi na malori yakakwama. Tarehe 12, kabla hatujapumua vizuri, nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zikapata hitilafu na mtandao ukawa wa kusuasua nchi nzima. Mtwara mjini tukabaki kama kisiwa, hatufikiki kwa lami wala kwa simu. Ndipo nilipojua nani kati ya rafiki zangu ana kitu kichwani cha kunisimulia. Hawakuwa wengi. Mmoja, ambaye kwa kawaida hurusha klipu ishirini kwa siku, alikaa nasi barazani jioni nzima bila kukumbuka hata moja. Mwingine, fundi cherehani asiyekuwa na simu ya maana, alitusimulia filamu ya Kihindi aliyoiona kwenye banda umiza akiwa mdogo, kwa saa nzima, na nyimbo akaziimba. Tulikwenda kulala tumechangamka.

Huyo fundi ana asili ya ufundi wake. Wenye umri wangu tumekulia kwenye mabanda ya video ambako filamu ya Hong Kong au ya Bombay ilikuja imeshawekewa sauti ya Kiswahili na watu kama Lufufu. Wale hawakuwa watafsiri wa neno kwa neno. Walikuwa wakikueleza nani adui, kwa nini huyu binti analia, na hapa tulia kwanza kuna jambo linakuja, wakitia na mzaha wa uswahilini ambao mwenye filamu hakuuota. Mpaka leo ukipanda basi la Dar, zaidi ya kilomita mia tano, kondakta anaweka filamu yenye msimulizi na basi zima linacheka pamoja. Sisemi filamu hizo zote ni nzuri. Nasema yule msimulizi alikubali kufanya kazi ambayo sisi tunaikwepa, yaani kukitoa kitu kule kilikozaliwa na kukisogeza mpaka ulipokaa wewe.

Sasa nije kwa bwana wa suti ya buluu, yeye na wenzake wa motivesheni. Sina ugomvi na kutiwa moyo. Ugomvi wangu ni wa hesabu. Mwezi wa Agosti, mkulima wa korosho wa Tandahimba au Newala amekwisha kulipa vibarua wa kupalilia na kupuliza dawa, minada haijaanza mpaka Oktoba, na mfukoni hana hata ya nauli. Mtu huyo unamrushia video ya kijana aliyeanza na kuku wawili na leo ana ghorofa, kwa sababu "aliamua kubadili fikra". Unachomwambia, ukikikamua, ni kwamba umaskini wake ni uvivu wa kufikiri. Nilimwonyesha video ya namna hiyo mama mmoja anayekaanga pweza karibu na kivuko cha Msangamkuu. Aliitazama yote kwa adabu, akageuza pweza wake, akaniuliza, "Na kodi ya fremu alikuwa analipiwa na nani?"

Swali lile limenifaa kuliko vitabu kadhaa vya uhakiki. Hadithi ya kuinua moyo isiyosema gharama ilikotoka haimwinui mtu, inamfanya ajione mjinga. Na kinyume chake nimekiona kwa macho.

Kijana wa Malawi, William Kamkwamba, wa kijiji cha Masitala huko Kasungu, alitolewa shule kwa kukosa karo wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Akawa anakwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi, akakuta kitabu cha Kiingereza kuhusu nishati, akakisoma zaidi kwa picha kuliko kwa maneno, na mwaka 2002 akaunda kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na miti, nyumbani kwao kukawaka taa. Hadithi hiyo leo ina milango mitatu. Upo mlango wa video: Juni 2007 alisimama jukwaani kwenye mkutano wa TED, ule wa hotuba fupi, hapa hapa Tanzania, Arusha, akaongea dakika chache tu kwa Kiingereza cha kutafuta maneno. Upo mlango wa kitabu alichoandika na Bryan Mealer, kilichotoka 2009. Na upo mlango wa filamu ya 2019, iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor, ambaye pia ameigiza kama baba mtu.

Unampitisha nani mlango upi? Hapo ndipo kazi ilipo. Filamu niliwaonyesha vijana watatu wa mtaani kwetu Chikongola, kwenye kompyuta yangu ya mapajani. Niliwaonya mapema: saa nzima ya mwanzo ni njaa, mbwa anakufa, baba na mwana wanagombana, na upepo wenyewe hauji mpaka karibu na mwisho. Walivumilia. Walichokipenda kwanza sikukitegemea. Filamu ina Kichewa kingi, na vijana wakaanza kudaka maneno: njala, madzi, nyumba. Mmoja wao ni Myao wa Masasi, ana ndugu zake hadi Malawi, na ghafla akawa ndiye mwenye filamu, anatueleza sisi. Mwingine, fundi redio, hakungoja mwisho, alikuwa anataka tu kusimamisha picha pale dainamo inapofungwa. Yeye nilipaswa kumpa video fupi na picha za kinu, si saa mbili za machozi. Binti wa jirani aliyekuwa kidato cha nne nilimwazima kitabu, kwa kuwa Kiingereza chake kilihitaji mazoezi na alikuwa na jioni ndefu. Mama yake yule fundi redio hakuhitaji mlango wowote kati ya hiyo mitatu. Nilimsimulia kwa mdomo tukiwa tunabangua korosho, akasema, "Baba yake angempa ile baiskeli tangu mwanzo, yasingekuwa yote hayo." Hukumu safi.

Nimekosea pia, na kosa moja bado linanichoma. Kitabu cha kumbukumbu za Rais Mkapa kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2019. Mzee Mkapa ni wa Lupaso, Masasi, alizaliwa 1938, mtoto wa kijijini aliyefika Ikulu. Nikampa kijana mmoja wa tarafa ile ile aliyekuwa ameanguka mtihani wa kidato cha nne, nikijiona nimepiga bao. Alikirudisha baada ya wiki mbili. Alikuwa ametazama picha tu. "Kaka," akaniambia, "tangu darasa la kwanza kila mtu ananiambia Mkapa ametoka kwetu." Nilikuwa nimemchagulia kitabu kwa kutazama ramani. Yeye sikumtazama.

Kitabu kile kile kilimkamata jirani yangu, mtumishi mstaafu wa serikali, mtu mkimya. Alikaa nacho mwezi. Hakuguswa na safari ya kutoka Lupaso hata kidogo. Kilichomshika ni pale rais mzima anapozungumzia mauaji ya Pemba ya Januari 2001 na kuyajutia waziwazi. Mstaafu yule naye ana ya kwake ya kazini ambayo hajamwambia mtu, na sikumuuliza. Alinirudishia kitabu kimefungwa gazeti, akasema tu, "Hiki ni kizuri." Nani angeweka majuto kwenye rafu ya vitu vya kutia moyo?

Ndiyo maana nasitasita kila nikisikia mtu anatafuta orodha ya vitabu au filamu "za kufurahisha roho". Furaha haiko ndani ya kitu peke yake. Kijana mmoja anayebeba magunia bandarini wakati wa msimu nilimwazima "Kuli", riwaya ya Adam Shafi ya 1979 inayohusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Ni kitabu cha jasho na dhuluma, hakina mwanga mwingi. Kilirudi bila jalada, kimepita kwa watu sita kijiweni, na ukurasa mmoja una alama ya chai. Sijawahi kupata risiti nzuri kuliko ile alama. Mwalimu mmoja ninayemheshimu aliniambia kumpa kuli kitabu cha makuli ni kumkumbusha shida zake baada ya kazi. Ingekuwa kweli kama ningempa kwa kumhurumia. Nilimpa kwa sababu alikuwa akibishana kila siku kuhusu malipo ya gunia, nikajua atapata wa kubishana naye.

Wahenga wetu wa pwani walilijua hili la mtu mmoja. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, akiwa mgonjwa, alitunga utenzi wake karibu mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Anamwita karibu, akae, achukue wino na karatasi. Yaliyomo leo yana ubishi, na mpwa wangu wa chuo kikuu angeutupa dirishani ule utenzi kwa yale ya kumtii mume. Lakini utazame ulivyosafiri: miaka zaidi ya 160, nchi kadhaa, maelfu ya wasomaji, na ulianza kama maneno ya mama kitandani kwa mtoto mmoja anayemjua vizuri. Ungeandikwa kwa "wanawake wote" nina shaka kama ungefika hata Lamu.

Kuna na adabu ya kupanda ngazi, ambayo simu imeivuruga. Kwa Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, mjomba si ndugu wa kawaida, ndiye mwenye neno katika ukoo wa mama. Huendi kwa mjomba ukamwambia, "Tazama hii, itakufundisha kuvumilia msiba." Umfundishe wewe, aliyekushika mkono jandoni? Mkubwa unampa kitu kwa kumwomba msaada. Unasema: mzee, kuna jambo hapa silielewi, hebu nitazamie. Baada ya hapo unanyamaza. Usimuulize kesho yake kama amemaliza. Hakuna kinachoua kitabu upesi kama kumdai mtu amekifikia wapi.

Mwezi mmoja baada ya ile arobaini nilirudi Mipingo. Safari hii nilikuwa nimepakua kitu kimoja tu, mjini, kwa bando langu: video ya makumbusho ya viumbe ya Berlin, inayoonyesha yule mjusi wa Tendaguru. Tendaguru iko upande ule ule wa mjomba. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dainosaria, zaidi ya tani 200, na yote ilifika bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya wapagazi, mwendo wa siku tatu, nne, miaka michache tu baada ya Majimaji na njaa yake. Msimamizi mkuu wa wachimbaji Waafrika alikuwa Boheti bin Amrani. Mmoja wa mijusi ile, mwenye kimo cha mita 13 na kitu, mrefu kuliko mkorosho wowote aliowahi kuupanda mjomba, alisimamishwa Berlin kwa mara ya kwanza mwaka 1937.

Niliegemeza simu kwenye kikombe, juu ya mkeka. "Mjomba, nisaidie. Hawa wanataja Tendaguru, na wewe ndiye wa huko. Wanasema kweli?"

Alitazama. Dakika ya kwanza hakusema kitu. Kisha akanyoosha kidole: "Simamisha hapo." Hakupenda wanavyolitamka jina. Akalitamka yeye, mara mbili, ili nishike. Halafu akaanza. Babu yake alikuwa akiwaambia amebeba mawe mpaka Lindi, na kwamba mzigo wa chumvi au wa mtama unajua utakula, lakini ule hakuna aliyewaambia ni wa nini. Watoto walidhani mzee anazeeka vibaya. "Hata marehemu," mjomba akasema, na hapo akacheka, mara ya kwanza namsikia akicheka tangu msiba, "marehemu alikuwa ananikatalia kabisa. Anasema babu yako alikuwa mwongo wa kijiji kizima. Miaka arobaini ananikatalia." Akafuta macho kwa ncha ya kanzu, akaendelea kucheka. Tulimzungumzia mkewe mpaka magharibi.

Niliacha ile video kwenye simu yake, peke yake. Nilipoondoka asubuhi jirani yake alikuwa akipita na jembe, mjomba akamwita kutoka barazani huku ameshika simu kwa mikono miwili. "Njoo ukae hapa. Usiseme kitu kwanza. Huyu mnyama unayemwona, babu yangu kambeba."